Nilimwambia mpwa wangu "thou" ni heshima

Ilikuwa Jumapili jioni, umeme umekatika mtaa mzima, tumekaa barazani mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili. Yeye ana Biblia ya Kiingereza, ile ya Mfalme James yenye maneno ya kale, anasoma kwa tochi ya simu yangu. Akafika kwenye Baba Yetu akasimama. Akaniuliza, "Anko, mbona hapa wameandika thy name, kwa nini wasiandike your name kama tunavyofundishwa?"

Nikamjibu papo hapo. Nikamwambia hiyo ni heshima, Waingereza wa zamani wakiongea na mkubwa walikuwa wanasema thou na thy, na mtu wa kawaida ndo you na your, ni kama sisi tunavyoamkia shikamoo.

Akasema "aaa, sawa," akaendelea kusoma.

Usiku ule sikulala vizuri.

Maana Kiingereza nimekisoma chuoni miaka mitatu, na kuna sauti ndani ilikuwa inaniambia umemdanganya mtoto. Sikukumbuka kwa nini hasa. Nilichokumbuka ni kwamba kuna kesi, kuna mtu alitukanwa mahakamani, na tusi lenyewe lilikuwa hilohilo neno nililomwambia mtoto kuwa ni heshima. Wiki tatu jambo hili halijaniacha, niko kwenye daladala nalifikiria, niko kazini nalifikiria, nimefungua madaftari ya chuo, nimesoma upya vitu ambavyo nilivifaulia mtihani bila kuvielewa. Ngoja niyaandike.

## Winchester, Novemba 1603

Aliyetukanwa ni Sir Walter Raleigh. Malkia Elizabeth kashafariki, mfalme mpya ni James, na Raleigh anashtakiwa uhaini. London kulikuwa na tauni mwaka huo kwahiyo kesi ikapelekwa Winchester. Mwendesha mashtaka ni Edward Coke, mwanasheria mkuu wa serikali, na mzigo wake mkubwa ni maelezo ya mtu mmoja, Lord Cobham, ambaye Raleigh aliomba aletwe wakabiliane uso kwa uso na hakuletwa.

Ushahidi mwembamba hivyo, Coke akapandisha sauti. Akamwita Raleigh nyoka, alafu akasema: "for I thou thee, thou traitor."

Hebu itazame hiyo sentensi. Kachukua neno thou (thee ni umbo lake jingine) akaligeuza kitenzi. Yaani anasema: nakushusha, nakuita kwa lile neno la kuwaitia watu wa chini, na nataka kila mtu humu ndani asikie kwamba nimekuita hivyo. Mtu aliyekuwa kipenzi cha malkia, mwenye cheo cha Sir, anaambiwa thou mbele ya majaji kama mtoto wa jikoni.

Na watu walilielewa vizuri kabisa. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, Februari 1602, ilichezwa London tamthilia ya Shakespeare ambayo ndani yake Sir Toby, mlevi mwenye cheo, anamshauri mwenzake namna ya kuandika barua ya kumchokoza mtu wapigane. Anamwambia ukimwita thou mara tatu hivi haitakuwa vibaya.

Kwahiyo nilikuwa nimemwambia mtoto kinyume chake.

You ndo ilikuwa heshima. Desturi iliingia na Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, kwamba mkubwa mmoja unamwita kwa wingi kana kwamba ni watu kumi. Thou ikabaki ya kushukia: mtumishi, mtoto, mbwa, mtu uliyemkasirikia. Ila pia mpenzi. Ila pia Mungu. Hapo ndo niliposhindwa kuelewa kwa siku kadhaa, neno moja linawezaje kumbeba mpenzi na mhaini.

## Mungu na Shetani

Jibu la Mungu lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na lilikuwa mkononi mwangu muda wote, kwenye Kiswahili.

William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526 alifuata Kigiriki. Kigiriki kina neno la mtu mmoja na neno la watu wengi, basi. Mmoja ni thou, wengi ni ye. Hapakuwa na suala la nani mkubwa nani mdogo. Waliotengeneza Biblia ya Mfalme James, ya 1611, walichukua sehemu kubwa sana ya maneno ya Tyndale, kwahiyo wakabeba na thou zake, wakati huo London mitaani watu wengi wameshahamia you.

Na ukisoma Mathayo 4 unaona Yesu anamwambia Shetani "get thee hence". Thee ileile. Biblia yetu inasema "Nenda zako, Shetani", na inasema "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe". Zako, lako, uliye. Umoja tu, sawasawa na Kigiriki. Sisi hatujawahi kudhani kwamba "lako" pale ni heshima ya pekee kwa Mungu, tunajua ni Mungu mmoja anayeambiwa na watu wengi. Harufu ya utakatifu kwenye thou imekuja baadaye, kwa sababu neno lilikufa mtaani likabaki kanisani, na kitu kinachobaki kanisani peke yake kinaanza kunukia ubani.

Nilimtumia mpwa wangu vois nikamweleza yote haya na nikamwomba radhi kwa jibu la kwanza. Akanijibu kwa kuandika, mstari mmoja: "kwahiyo walikuwa wanaongea na Mungu kama mtu wa ndani ya nyumba?"

Nimeusoma huo mstari mara nyingi.

## Kijana na kofia zake

Kuna watu waliamua hilo neno walirudishe kwa kila mtu, na walipigwa kwa ajili yake.

George Fox na wenzake, wale Marafiki ambao watu waliwaita Quakers, walianza kuhubiri miaka ya karibu na 1650 kwamba mbele ya Mungu hakuna mkubwa. Kwahiyo hawavui kofia mbele ya mtu yeyote, na wanamwita kila mtu thou, tajiri, maskini, hakimu, baba mzazi. Fox anaeleza kwamba aliamriwa hivyo na Bwana. Wasomi wao wakatoa hadi kitabu kizima mwaka 1660, kinapitia lugha moja baada ya nyingine kuonyesha kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi.

Mtu mzima ukisoma leo unaweza kuona ni ubishi wa sarufi. Sasa msikilize Thomas Ellwood, kijana wa Oxfordshire, yule ambaye baadaye alikuwa anamsomea vitabu mshairi John Milton aliyekuwa amepofuka. Baba yake ni hakimu wa amani pale kijijini. Kijana kaingia kwenye imani hii akiwa na miaka kama 20. Akaja mbele ya baba na kofia kichwani, baba akaivua na kumpiga. Akaja na nyingine, ikaenda. Kofia zikachukuliwa moja baada ya nyingine mpaka kijana akabaki hana cha kuvaa. Lakini kilichomuuma zaidi mzee, zaidi ya kofia, ni kuambiwa thou na mtoto wake wa kumzaa. Alimwambia nikikusikia tena unaniambia thou au thee nitakung'oa meno yaingie kooni.

Nilipofika hapo nikafikiria mtoto wa Kitanzania aliyelelewa vizuri, anarudi nyumbani siku moja anamwambia baba yake "mambo vipi". Kwa makusudi, kwa imani, kwa upole, na anarudia kila asubuhi. Hakuna nyumba ninayoijua ambayo ingelala salama. Na shikamoo yenyewe, ambayo wazee wanasema ilitoka kwenye kushika miguu, ina stori yake ya mabwana na watwana ambayo hatuipendi sana kuigusa. Nawaelewa wote wawili, mzee Ellwood na kijana wake, na ndo kinachonitesa.

## Fundi viatu

Alafu nikarudi kwenye Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare. Hii sisi tunaijua kwa Mwalimu Nyerere, tafsiri yake ilitoka 1963, akaipitia ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mi niliisoma kwa Kiswahili kabla sijaisoma kwa Kiingereza, na labda ndo maana sikuwahi kuona kinachotokea pale mwanzoni kabisa.

Ni sikukuu, mafundi wako barabarani, wanakuja viongozi wawili wanataka kujua kwa nini watu wa kazi wamevaa nguo nzuri. Seremala anaulizwa moja kwa moja kwa thou. Wa pili, fundi viatu, anaanziwa na you, "You, sir". Anajibu kwa mafumbo, anachezea neno la soli ambalo kwa Kiingereza linasikika sawa na roho. Kiongozi anaona anachezewa, na pale pale you inakatika. Inakuja thou, thou na tusi, thou na tusi. Fundi yeye habadiliki, kila jibu lina "sir", kila akimtaja kiongozi ni you. Tena viongozi ndo wana mistari ya kishairi, mafundi wanaongea maneno ya kawaida tu ya mtaani.

Mistari kama 20 hivi, na kila mtu pale jukwaani kashapimwa kwenye mizani.

Kiswahili hakina pa kuliweka hilo, angalau siyo kwenye neno lenyewe. Mtu mmoja ni wewe, awe fundi awe Kaizari. Sisi heshima tunaiweka kwingine, kwenye "mzee", kwenye "mama", kwenye "naomba", na zaidi ya yote kwenye kuikwepa kabisa hiyo wewe, maana kila mtu anajua mtu mzima haambiwi "wewe" kavukavu. Mfasiri angeweza kumfanya kiongozi aanze na "ndugu" amalizie na "we mshenzi". Lakini huwezi kufanya hivyo kila mstari, na kwenye Kiingereza ilikuwa kila mstari, huna pa kukimbilia, kila ukifungua mdomo kumwambia mtu kitu unalazimika kwanza kuamua yeye ni nani na wewe ni nani.

Nimejaribu siku moja nzima kuishi hivyo kichwani. Kondakta, bosi, muuza chipsi, mlinzi. Inachosha.

## Maili 60

Hayo ni ya neno moja. Lafudhi ndo zaidi.

Mwaka 1589 George Puttenham aliandika kitabu cha kufundisha ushairi na humo akaweka mpaka: mwandishi atumie lugha ya ikulu, na ya London, na ya wilaya zinazoizunguka London ndani ya maili 60, isizidi sana. Ni kama kilomita 97. Nje ya hapo usiguse. Anasema wazi kwamba lugha ya ng'ambo ya mto Trent, huko kaskazini, haifai, hata ikitoka kinywani mwa mtu wa ukoo mkubwa.

Nilikasirika kidogo nilipoisoma, maana naijua hiyo sauti. Ndo sauti ya mtu anayesema Kiswahili sanifu ni cha mji fulani na wengine wote wanaharibu.

Lakini tazama ikulu yenyewe. Raleigh alizaliwa Devon, kusini magharibi, mbali kabisa na zile maili 60. John Aubrey, aliyekuwa anakusanya habari za watu maarufu, alisikia kwa jaji mmoja mzee aliyemfahamu Raleigh kwamba pamoja na kalamu yake nzito na kukaa kwake na wasomi na waungwana, aliongea Kidevon kizito mpaka siku anakufa. Alikatwa kichwa 1618.

Sasa jukwaani London miaka hiyohiyo, ukitaka kumwonyesha mshamba, unampa lafudhi ya kusini magharibi. S inakuwa z, f inakuwa v. Kwenye King Lear ya Shakespeare, Edgar, mtoto wa kabaila, anajifanya mkulima ili amlinde baba yake aliyetobolewa macho, na ghafla anaanza kusema "zir" na "vurther". Anayepambana naye ni Oswald, msimamizi wa nyumba ya bibi mkubwa, mtumishi mwenye kujipendekeza, naye anamdharau kwa jinsi anavyoongea tu. Anamwita mkulima. Anauawa na huyo mkulima.

Watazamaji walicheka lafudhi, alafu wakaona lafudhi inamuua mpambe. Na nje ya ukumbi kulikuwa na watu wakubwa kama Raleigh ambao waliongea lugha ya ukanda huohuo na hakuna aliyethubutu kuwaita washamba. Ila Coke, siku ile Winchester, alipata njia yake.

## Kilichopanda kutoka kaskazini

Hapa ndo pale nilipobadilika mawazo kabisa.

Nilikuwa nimeshajijengea picha kwamba basi, wakubwa waliamua, wadogo wakafuata, na Kiingereza tunachoandika leo ni kile cha ikulu. Alafu nikafika kwenye -s. He gives, she takes. Zamani kusini ilikuwa giveth, taketh. Ile -s ilitoka kaskazini, ng'ambo ya Trent hukohuko, kwa watu ambao Puttenham alisema usiwaguse.

Chuo Kikuu cha Helsinki, kule Ufini, Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg na wenzao walikusanya barua kama 6,000 za watu 778, tangu miaka ya 1400 mpaka 1681, wakaziingiza kwenye kompyuta na kila mwandishi wakamwekea alizaliwa wapi, alikuwa na cheo gani, mwanaume au mwanamke. Ndo wakaona -s inavyopanda. Inafika London, wanaitumia watu wa chini kabla ya wakubwa, na wanawake wanatangulia wanaume. Malkia Elizabeth mwenyewe kwenye barua zake anachanganya -s na -th. Shakespeare anachanganya ndani ya mstari mmoja, pale Portia anaposema rehema "blesseth him that gives and him that takes", moja ya zamani na mbili za kisasa, kwa sababu shairi lilihitaji silabi. Hiyo tamthilia ndo Mabepari wa Venisi ya Mwalimu.

Yaani kile kipande kidogo ambacho walimu walitupigia viboko tukikisahau, he go badala ya he goes, kilibebwa mjini na watu ambao waungwana waliona hawajui kuongea.

Siyo kila kitu kilikwenda hivyo. Kuacha kukanusha mara mbili, zile "nor never" zao, kulianza kwa wanaume wenye elimu na vyeo, na wanawake walichelewa, kwa sababu lile lilikuwa jambo la shule na ofisi na milango ile ilikuwa imefungwa kwao. Na kuna mambo wakubwa walijipa ruhusa yao wenyewe. Hotspur kwenye Henry wa Nne anamgombeza mkewe kwa kuapa viapo vyepesi kama mke wa mtengeneza peremende, anamwambia apa kama bibi mkubwa ulivyo, kiapo cha kujaza mdomo. Adabu ya maneno ilikuwa ya watu wa katikati waliokuwa na cha kupoteza.

## Mwana wa mshona glavu na mwana wa askofu

Hata ndani ya kazi moja mtu anaacha alama ya alikotoka. Mwaka 1613 hivi Shakespeare aliandika pamoja na John Fletcher, Henry wa Nane na nyingine. Shakespeare kazaliwa 1564 Stratford, baba ni mshona glavu aliyefikia kuwa kiongozi wa mji mwaka 1568, ila kwenye nyaraka baba huyo anaweka alama badala ya jina. Fletcher kazaliwa 1579 kusini mashariki, baba ni kasisi aliyepanda mpaka kuwa Askofu wa London.

Nani kaandika ukurasa upi? Zamani wataalamu walihesabu vitu kama hath na has, them na 'em, Shakespeare akipenda ya kwanza na Fletcher ya pili. Mwaka 1994 Jonathan Hope akaangalia kineno kidogo sana, do. Unaweza kuuliza "know you" au "do you know", enzi hizo zote zilipita, ila ya pili ndo ilikuwa inashinda mjini. Fletcher anaifuata njia mpya zaidi ya mara 90 kwa 100. Shakespeare anabaki kwenye kama themanini hivi, maisha yake yote ya uandishi, pamoja na kuishi London miaka mingi na kuandika maneno ya wafalme.

Stratford haikumtoka. Hilo limenipa faraja ambayo siwezi kuieleza vizuri.

## Panya wangu mtamu

Sasa nije kwenye barua ambayo ndo imenifanya niandike yote haya.

Agosti 1593, tauni iko London, kumbi zimefungwa, waigizaji wamekwenda kucheza mikoani. Edward Alleyn, mwigizaji mkubwa kuliko wote wakati ule, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, yuko Bristol. Anamwandikia mkewe Joan, wameoana hata mwaka haujaisha. Anaanza na "panya wangu mzuri mtamu". Anamwambia amwage maji mlangoni kila jioni, aweke majani ya dawa madirishani. Soksi zangu za sufu za rangi ya chungwa zitie rangi nyeusi nzuri, nizivae wakati wa baridi. Lile tuta lililokuwa na kotimiri, ikifika Septemba panda spinachi, ningepanda mwenyewe ila hatutarudi mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote.

Na mwanzo mpaka mwisho anamwita you.

Panya wangu, na you. Nilikuwa nimeamini wapendanao ni thou, ndo jukwaani ilivyo, lakini kwenye barua halisi za watu wa kawaida wa London thou ilikuwa imeshaanza kuwa adimu hata kitandani. Sauti ya kweli ya nyumba ile siyo ile niliyofundishwa kwa tamthilia.

Sauti ya Alleyn, lakini. Ya Joan je?

Barua zilizokwenda kwa Alleyn kutoka nyumbani ziliandikwa na Philip Henslowe, baba wa kambo wa Joan, kwa niaba yake na ya Joan. Mkono wake, tahajia yake ya ajabu, salamu ndefu za kujaza ukurasa. Joan yumo humo kama jina. Na siyo yeye peke yake, kufikia miaka ya 1640 ni kama wanaume 30 kwa 100 na wanawake 10 kwa 100 walioweza kuandika majina yao. Wale watu 778 wa Helsinki ni walioshika kalamu, au waliokuwa na mtu wa kuwashikia. Mara chache sana anatokea mtu kama Henry Machyn, mfanyabiashara wa vitambaa vya mazishi, aliyeandika kumbukumbu zake London toka 1550 mpaka 1563 kama anavyosikia masikioni, v na w zinabadilishana, h inadondoka inapotakiwa na inaongezwa isipotakiwa. Ni kama mtu anayetuandikia leo "nimefulahi" na watu wanamcheka kwenye magrupu. Wasomi wa matamshi wanamshukuru Machyn kwa kila kosa, maana pale tu ndo unasikia mtu wa dukani anaongea.

Mwishoni mwa barua yake Alleyn analalamika. Panya, anasema, hunipi habari. Niandikie mambo ya nyumbani, yale yanayotokea, hili au lile, chochote.

Nilipofika pale nikafunga kompyuta.

## Dhumuni la barua hii

Kwa sababu mimi nilikuwa Henslowe.

Bibi yangu wa Muheza hakujua kuandika. Nikiwa darasa la tano ndo nilikuwa mwandishi wake, barua za kwenda kwa baba mdogo aliyekuwa kikazi Mwanza. Bibi anakaa kwenye mkeka, anaongea kile Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibondei, anacheka, anakumbuka kitu anarudi nyuma, anamtania mwanae kana kwamba yuko pale mlangoni. Na mimi naandika: "Kwako mpendwa baba mdogo, natumai hujambo na unaendelea vyema na ujenzi wa taifa. Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, ama baada ya salamu..." Nilikuwa na daftari la shule lenye mfano wa barua. Alichosema bibi ambacho hakikufanana na mfano, nilikiacha. Nikimaliza namsomea, anatikisa kichwa, anasema umeandika vizuri mjukuu wangu, kama msomi.

Bibi kafariki 2003. Barua zile baba mdogo alizitunza kwenye sanduku la bati, nilienda kuziangalia wiki iliyopita, ziko kumi na moja. Hakuna sentensi hata moja ya bibi humo. Ni za kwangu zote, na za mwalimu wangu wa Kiswahili.

Nilikaa nazo muda mrefu nikijaribu kukumbuka angalau kitu kimoja. Kikaja kimoja. Ilikuwa 1991, msimu wa machungwa, bibi alisema mwambie ule mchungwa wake, alioupanda mwenyewe pembeni ya kisima, umezaa. Akarudia, mwambie umezaa, na la kwanza nimelila mimi. Mi nikaandika "huku nyumbani wote hatujambo".

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kochi ananiangalia nakunja karatasi. Nikamwambia, "Baba mdogo, ule mchungwa wako wa kisimani ulizaa mwaka tisini na moja. Bibi alitaka ujue. La kwanza alilila yeye."

Akanyamaza. Alafu akaniuliza, "Alisema lilikuwa tamu?"